Mashine ya Macho ya Ba

Deo hajawahi kuwa na adabu ya simu. Alinipigia nikiwa mezani, kijiko mkononi, hakunisalimu wala hakuuliza habari za wajukuu, akasema tu, "Kanti kazima." Nikamwambia mtu hazimi, Deo, mtu anafariki. Akasema kwa Kanti ni sawasawa, maisha yake yote yalikuwa mashine. Namjua Deo tangu tukiwa chuoni, akianza mizaha ujue ameumia. "Utaenda kuhani?" akauliza. Yeye yuko Mwanza na magoti yake hayataki tena safari. Nikasema nitaenda. "Basi ukimwona Hansa umwambie. Mzee hayupo tena, hakuna wa kufichiwa. Mwambie kilichoiua ile mashine." Nikamjibu kwamba Hansa amefiwa na baba yake, huu si wakati wa kumpa somo la fizikia. "Hata siku ile mlisema si wakati," Deo akasema, na simu ikakatika, au aliikata mwenyewe.

Nilikwenda mwisho wa juma. Kanti alikuwa ameshachomwa kwa desturi ya dini yao, kwa hiyo sikukuta jeneza wala kilio, nilikuta viatu vingi mlangoni na feni ikizunguka. Lakini kabla ya kufika mlangoni nilisimama kwenye ngazi kwa muda, mkono ukutani, hata kijana mmoja aliyekuwa anashuka akaniuliza kama nataka kushikwa. Nyumba ile ya Mchafukoge ina ghorofa moja tu, imebanwa huku na huku na majengo marefu ya biashara yaliyoota miaka hii, na ngazi zake ni zilezile za saruji nyekundu, zimelika katikati. Kilichonisimamisha ni harufu. Udi wa vijiti, ule wa msandali, umechanganyika na moshi wa samli. Pua yangu imeshanusa mengi, lakini hiyo ndiyo harufu pekee inayoweza kunitoa machozi kabla sijajua ninalia nini.

Mwaka ule tuliuita mwaka wa mgao, ingawa mgao ulirudi miaka mingine mingi na kila mmoja ukadai jina hilohilo. Biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa anauza kitu. Madukani Kariakoo kulijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu kwa watu waliosafiri: sabuni za kunukia, redio za kaseti mbili, viatu vya raba vyeupe pee. Umeme tu ndio haukuwepo. Kila baraza la duka lilikuwa na jenereta limefungwa mnyororo, na yakiwashwa yote pamoja watu walikuwa wanasemezana kwa mikono. Sisi tulikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, na likizo ndefu ilikuwa ya mafunzo kwa vitendo. Mimi nilipangiwa kiwanda cha nguo cha umma. Nilifika getini na koti langu jeupe nimelipiga pasi, nikakuta kufuli, na mlinzi anakula muhogo. "Kiwanda kinauzwa, sista," akaniambia. "Vipi, umekuja kununua?" Wenzetu wawili wenye alama kubwa kuliko zetu walikuwa wamechukuliwa na maabara za leza, zile mashine za mwali mkali wa mwanga, huko Ulaya kwa likizo nzima. Mimi na Deo tulikuwa tumesoma somo lilelile walilosoma wao, kwa chaki, kwa mwalimu aliyekiri mwenyewe kwamba hajawahi kuiona leza kwa macho yake. Niliwaonea wivu mpaka nikakosa usingizi, sioni aibu kusema. Ni Deo aliyesikia kwamba kuna fundi mmoja wa Kihindi wa vifaa vya hospitali, Mchafukoge, ameleta leza kwenye kontena la mitumba na hana mtu wa kumsaidia.

Fundi mwenyewe ndiye Kanti. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kamba, na bisibisi ndogo imekaa mfuko wa shati pale wenzake wanapoweka kalamu. Alitukagua kuanzia viatuni. "Mnajua nini?" akauliza. Deo akasema, "Nadharia, bosi." Kanti akasema, "Nadharia haipigi shoti. Haya, ingieni." Karakana ilikuwa chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo, familia ikiishi juu. Chumba kirefu, chembamba, dirisha moja la nondo linaloangalia uchochoro, kuta zimejaa rafu za mashine za meno, taa za upasuaji, mizani za watoto. Katikati, peke yake, juu ya meza ya mninga aliyoichongesha kwa kazi hiyo, lilikuwa sanduku refu la chuma la rangi ya maziwa. Kanti alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na bomba lililojaa gesi, na kila upande wa bomba, kimebanwa kwenye chuma chake, kioo kidogo cha upana wa kifungo cha koti. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimevichora kwenye mitihani vioo vile viwili, vinavyorushiana mwanga mpaka uwe mwali. Nikaweka mikono nyuma, nikiogopa hata kuvipumulia.

Ilikuwa mashine ya kutibu macho. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari, vimishipa vyake vya nyuma ya jicho huanza kuvuja damu, na mwali wa leza huviunguza kimoja kimoja kabla jicho halijapofuka. Wakati huo, ukitaka tiba hiyo, unapanda ndege. Kanti aliikuta mashine kwenye vifaa vilivyotupwa na hospitali moja ya ng'ambo, na alikuwa na daktari wa macho wa Upanga, mmoja wa wale waliofungua zahanati zao binafsi mara tu ilipokuwa ruksa, ambaye angeichukua ikifanya kazi. Tulidhani ni biashara. Kisha mchana wa siku zetu za mwanzo daktari huyo akaja kuitazama, na mimi nilikuwa chini ya meza nafunga mpira wa maji, nikawasikia. Daktari alisema, "La kushoto limekwenda, Kanti, usijidanganye. La kulia lina miezi. Ukiniletea hii inawaka, mama yako ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti." Kanti akauliza, "Miezi mingapi?" Daktari akasema yeye si nabii. Nilibaki chini ya meza mpaka viatu vyao vikatoka.

Mama yake tulimwita Ba, kama yeye alivyomwita. Ndiyo mama kwa Kigujarati. Alikuwa mfupi, sari nyeupe ya mjane, bangili moja ya shaba. Kila adhuhuri alishuka zile ngazi nyekundu akishika ukuta kwa mkono mmoja na kidumu cha chakula kwa mwingine, na ole wake ambaye angempokea. Tulikula palepale karakanani, kwenye benchi, baada ya kufunika mashine: chapati nyembamba zilizopakwa samli, dengu, bamia, achari ya ndimu inayokunja uso, na chai ya maziwa yenye iliki. Jicho lililobaki lilimpa rangi na vivuli tu, kwa hiyo alitujua kwa sauti na kwa harufu. "Shikamoo, Ba," nilisema, naye akajibu, "Marahaba. Jana wewe iko kula samaki." Nilikuwa mtoto wa pwani, siku isiyo na samaki kwetu ilikuwa siku ya ugonjwa, nikaanza kunawa kwa ndimu kabla ya kuja. Bado alinusa. "Kibua," alisema siku moja, bila hata kugeuka. Deo alicheka mpaka akapaliwa. Mimi aliniita dikri, binti, na alinipenda kwa sababu moja ya wazi: nilikuwa na maneno mengi. Kanti alikuwa ameoa amechelewa, na mwaka ule mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa pekee, Hansa. Ba alikuwa anamshusha mtoto huyo mapajani mwangu na kuniambia, "Niambie." Nimwambie mtoto yukoje. Nikamwambia nyusi zimeungana, pua ya baba yake, Mungu atusaidie, kidevu kina kishimo. "Kishimo?" akauliza, na kidole chake kikaenda kukitafuta. Nilijaribu kila siku kupata kitu kipya. "Mimi nitaona mwenyewe," alisema kila mara mwisho, na kuelekeza uso wake kwenye mashine, kwa adabu, kama mtu anayemwangalia mgeni ambaye bado hawajazoeana.

Asubuhi zilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuwasha chochote, Ba alishuka na sinia. Alikuwa na kitaa kidogo cha shaba chenye utambi na samli, vijiti viwili vya udi, na unga mwekundu kwenye kijaluba. Alizungusha taa mbele ya mashine, taratibu, midomo ikitembea, akagusa chuma kwa kidole chenye unga mwekundu, kisha akachomeka udi kwenye tundu la meza ukaachwa uwake mpaka uishe. Kanti alisimama nyuma yake mikono imekutana. Alituambia ndivyo wafanyavyo, chombo cha kazi hakianzi siku bila kusalimiwa, na mashine ngeni inahitaji zaidi kwa sababu haijui mtu hapa. Mimi niliona ni jambo zuri. Kwetu pia Ijumaa haipiti bila chetezo, na sikuona tofauti kubwa. Deo, ambaye ni Mkatoliki na anaudhika kirahisi, alisema kwamba hata kanisani kwao moshi una siku zake.

Tulihangaika sana na mashine. Ilitaka maji ya kuipooza, na mabomba ya mjini yalikuwa makavu, tukawa tunanunua ya mikokoteni na kujaza pipa. Ilitaka umeme mwingi, na tulizima kila kitu ndani ya nyumba ili jenereta la Kanti lipate pumzi. Halafu kazi yenyewe ilikuwa ya kuzungusha skrubu nyuma ya vile vioo, kiasi kidogo ambacho mkono haujui kama umezungusha au umekusudia tu, mpaka vioo vitazamane sawasawa. Tulifanya hivyo kwa wiki nyingi, tukiwa tumevaa miwani ya rangi ya chungwa ya kukinga macho, shingo zimekauka, jasho likidondoka kwenye viwiko. Kuna asubuhi nilikuwa nimeshika skrubu, Kanti ananong'ona, "Rudisha, rudisha kidogo," Deo ameshika karatasi nyeupe upande wa pili. Miwani ile inazuia rangi ya mwali, kwa hiyo sisi watatu hatukuona kitu. Ba alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mashine, akisubiri kukusanya vikombe. Mwanga uliokuwa umeteleza kutoka kwenye karatasi ulikuwa umetua ukutani, mdogo na hafifu. "Kijani," Ba akasema. Tukageuka. Alikuwa ananyoosha kidole ukutani. "Kanti, kijani." Nikainua miwani. Ilikuwa kijani ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu chochote kinachoota. Kanti aliketi sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika, akafunika uso. Deo akaanza kucheza. Nami nikamkumbatia Ba, ambaye alinuka msandali na vitunguu, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze sikuwakumbuka wale wenzetu wa Ulaya.

Kuanzia hapo kila siku tuliiwasha, na kila siku ilikuwa inafifia. Si kwa ghafla. Leo pungufu kidogo ya jana, kesho pungufu ya leo. Kanti alilaumu gesi, mimi nikalaumu maji, Deo akalaumu serikali. Mwishowe Deo alichukua pamba yenye spiriti na kufuta kioo kimoja, mfuto mmoja, kwa upande mmoja, bila kurudi, kama kitabu kilivyosema. Pamba ikatoka ya kahawia. Tukaitazama. Deo akaipeleka puani, akanipa mimi. Ilikuwa harufu ya Ba. Moshi wa udi na samli, asubuhi baada ya asubuhi, ulikuwa unapenya kwenye kifuniko na kujilaza kwenye vioo, utando ambao jicho halioni, lakini leza haivumilii. Ungeendelea hivyo, siku moja mwali ungeuchoma utando ule na kuuchomelea kwenye kioo moja kwa moja, na hapo hakuna pamba ya kuufuta.

"Twende tukamwambie," Deo akasema. "Ni mtu mzima, ataelewa." Kanti alikuwa anaifuta miwani yake, akaifuta tena. Alisema hapana. Mama yake alikuwa hana tena kitu cha kufanya duniani isipokuwa kile. Kushona hawezi, kusoma hawezi, jikoni anajichoma. "Hii ndiyo kazi yake," Kanti akasema. "Nimwambie kazi yake ndiyo inaua mashine ya macho yake? Wewe ungeweza?" Deo akasema yeye angeweza, tena angesema kwa upole. Kanti akaniangalia mimi. Nilisema labda tutafute sababu nyingine. Basi Ba akaambiwa kwamba mashine ina gesi na moto karibu yake ni hatari. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. Kuanzia siku hiyo aliweka sinia lake kwenye ngazi, mlango wa karakana umefungwa, na alisali akiwa ameuelekea mlango. Nilipompita alinishika ukingo wa gauni. "Dikri, iko peke yake ndani? Hakuna mtu anasalimia?" Nikamwambia mimi naisalimia kila asubuhi. "Wewe nasema nini?" Nikamwambia nasema shikamoo. Alicheka, lakini si sana.

Tulisafisha vioo, mwanga ukarudi wote. Daktari akapanga siku ya kuja kuijaribu, na kama ingekaa bila kuyumba, angeichukua, na Ba angekaa kwenye kiti. Siku hiyo nilitoka kwetu mapema, nimevaa lile koti langu jeupe kwa mara ya kwanza tangu kule kiwandani. Wauza kahawa walikuwa wanapanga viti, majenereta yalikuwa bado kimya. Deo nilimkuta kwenye kona, ameazima tai. Tulipofika mlangoni kwa Kanti tukasimama, wote wawili kwa pamoja. Harufu ilikuwa ndani. Kanti alikuwa amejipaka mafuta kichwani, anatabasamu, ana nazi iliyovunjwa mkononi, anatupa vipande. "Kuleni, kuleni, ya baraka." Deo akauliza, "Bosi, Ba aliingia?" Kanti akasema aliingia kidogo tu, dakika moja, mashine imezimwa, gesi ipo ndani ya bomba, hakuna neno. Wakati uleule gari la daktari likapiga honi uchochoroni.

Ba aliketishwa kwenye kiti karibu na mlango, Hansa mapajani. Jenereta likawashwa, maji yakapita, bomba likawaka. Mwali ukatoka, tukachungulia juu ya miwani, kijani ileile, na daktari akasema kwa sauti ya chini, "Lo." Akaomba tuuongeze mpaka nguvu ya mwisho. Kanti akazungusha swichi. Ulikaa. Ulikaa muda wa kutosha mtu kuanza kufurahi. Kisha lile doa la kijani kwenye karatasi likachanika pembeni, likawa na matundu, likafifia, likapotea. Kanti alizima, akawasha. Hakuna. Daktari aliangalia saa yake, akasema kwa huruma kwamba atarudi siku nyingine, na akaondoka. Deo akachukua bisibisi mfukoni kwa Kanti bila kuomba, akafungua kifuniko. Nilikuwa namulika tochi. Kwenye kile kioo cha mbele palikuwa na doa jeupe, limeunguzwa, na dirisha la bomba, pale mwali unapotokea, lilikuwa limepasuka ufa mwembamba. Na kwenye chuma kilichoshika kioo, ndani kabisa, palikuwa na alama ya kidole, nyekundu, mbichi, na unga wake umemwagika chini yake. Kifuniko kile kilifungwa kwa skrubu sita. Ba asingeweza kuzifungua.

Tulimtazama Kanti, naye alikuwa anaiangalia ile alama. "Imeharibika nini?" Ba akauliza kutoka mlangoni. Deo akavuta pumzi, na naapa alikuwa anafungua mdomo. "Umeme, Ba," Kanti akasema. "Umeme umekuja vibaya. Umeunguza." Ba alitikisa kichwa polepole. "Umeme mbaya," akasema, na akampapasa mtoto kidevuni. Kanti alitusukuma kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yetu. "Aliniomba," akasema. "Siku kubwa kama hii aisalimie kwenye ngazi? Aliniuliza, mwanga unatoka wapi. Nikafungua. Nikamshika kidole nikampeleka." Deo akasema, na alisema kwa sauti, "Angejua, asingeomba! Nilikwambia!" Kanti akamshika ile tai ya kuazima. "Sasa mwambie. Ingia umwambie. Kwamba kidole chake ndiyo kimemfunga macho. Nenda!" Deo hakuingia. Alikaa kwenye ngazi nyekundu akalia kwa hasira, mimi nikakaa karibu yake nikalia tu. Juu yetu mke wa Kanti alikuwa anaita kuuliza kama daktari atakunywa chai.

Bomba jipya lilikuwa la kuagiza, na bei yake ilikaribia ya mashine yenyewe. Kanti aliuza vitu, akaagiza. Sisi likizo ikaisha, tukarudi chuo, tukaandika ripoti zetu za mafunzo; mimi niliandika kwamba mashine iliharibiwa na hitilafu ya umeme. Jumamosi moja, mvua za vuli zimeanza, nilikwenda kumjulia hali Ba, nikamkuta Kanti barazani hana viatu. Aliniambia kwamba asubuhi ile mama yake aliamka, akaketi kitandani, akauliza mbona hawajafungua madirisha. Yalikuwa wazi yote. Nilipanda juu. Ba alinijua kwa hatua. "Dikri," akasema, "leo hukula samaki." Nilikuwa nimekula. Nikamwambia ndiyo, leo sikula. Bomba lilifika bandarini baada ya mwaka mpya, na sijui Kanti alilifanya nini. Hakuigusa leza tena mpaka anakufa.

Deo hakumsamehe. Alimwona mara mbili tatu katika maisha, wakasalimiana kwa kichwa. Mimi nilikuwa na hasira naye kwa miaka kadhaa, kisha nikapata watoto, kisha mama yangu akazeeka mikononi mwangu, na siku moja nikajikuta simlaumu tena, bila kukumbuka niliacha lini. Lakini kusema Deo alikosea siwezi. Kama tungemwambia Ba ile siku ya pamba ya kahawia, angeumia, angekaa na maumivu yake juu, na pengine angemwona mjukuu wake. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye ngazi, na ndiyo niliyopanda nayo.

Waombolezaji walipopungua, Hansa aliniita chumba cha ndani. Ni mwanamke mkubwa sasa, anaishi Uingereza, nyusi zake zimeungana na kishimo kipo palepale. Nyumba ilikuwa imeshauzwa na alikuwa anafunga vitu. "Anti, wewe ulikuwa unafanya kazi na Papa," akasema. "Hebu niambie hii ni nini." Tulikuwa tumesimama mbele ya kijumba cha miungu cha Ba, kile cha mbao, kimehifadhiwa vilevile. Katikati ya picha na sanamu ndogo za shaba palikuwa na kitu cheusi, cha upana wa kifungo cha koti, kimeegemezwa kwenye kijaluba. Alinipa. Sikuhitaji kukisogeza kwenye mwanga. "Ba alimwomba Papa ampe," Hansa akaeleza. "Alisema mashine ilijitahidi sana, isitupwe. Mpaka anakufa, kila asubuhi aliiwashia taa na udi wake, yenyewe peke yake, mbali na ile ya miungu. Na Papa anasimama nyuma yake hivi." Akakutanisha mikono. "Ba alipofariki Papa akaendelea. Tukitaka kufuta, anakasirika. Mimi nilikuwa naogopa kugusa."

Nilikipindua. Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umekaa juu yake, mnene, unanata kidoleni. Nilifikiria Kanti amesimama nyuma ya mama yake asubuhi baada ya asubuhi, akiuangalia ule moshi ukipanda kwenye kioo, akijua ulichokifanya, bila kuwa na mtu wa kumwambia. Hansa akasema, "Ba alikuwa ananishika uso kila siku kabla sijaenda shule. Nyusi, pua, kidevu. Aliniambia kuna mashine ingemfanya anione. Hiki ni cha mashine hiyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni kioo chake."

"Iliharibikaje?"

Ukutani palikuwa na picha ya Kanti, imevishwa shada la maua, miwani ina kamba. Nilimfikiria Deo na magoti yake, ameketi Mwanza akisubiri simu yangu.

"Umeme," nikamwambia. "Mwaka ule ulikuwa unakuja vibaya."

Hansa akatikisa kichwa. "Hata Papa alisema hivyo," akasema. Alikichukua kile kioo mkononi mwangu, akakifunga kwenye karatasi ya gazeti, akakiweka kwenye sanduku pamoja na miungu.